Waya Uliokatika Nusu

Mhadhara kwa madereva, mafundi na wenye magari, Kitengela, Kaunti ya Kajiado

Naona viti vya mbele vimekaliwa na wenye magari, na vya nyuma na mafundi. Ndiyo kawaida yetu. Mwenye gari hapendi fundi wake amsikie akiuliza swali.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na pikapu ya kabureta, namba yake ya KA, kiti chake kimeshonwa mara tatu. Jioni moja nilikuwa natoka Isinya kuja huku, nyuma nimebeba mabati na mifuko ya saruji. Mbele yangu kulikuwa na lori la ng'ombe likijikokota. Nikakanyaga mafuta nilipite, nikalipita, nikatoa mguu. Gari halikuwa na habari kwamba nimetoa mguu. Liliendelea kuvuta vilevile, injini ikilia sauti ya mtu anayepanda mlima, na sisi tulikuwa tunateremka.

Sikukumbuka klachi. Swichi sikuikumbuka pia. Mguu ulifanya ulichozoea: nikapiga breki, nikaachia, nikapiga tena, nikaachia, kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli. Kila nilipoipiga pedeli ilizidi kuwa ngumu, hadi ikawa kama nakanyaga jiwe. Kilichoniokoa ni kwamba mteremko ulikwisha na mwinuko ukaanza, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ufunguo bila kuniomba ruhusa. Nilisimama kwenye nyasi. Lile lori likanipita, na ng'ombe mmoja alinitazama mpaka wakapotea.

Nilipofungua boneti nilikuta waya wa eksileta ambao nilikuwa nimeuweka kwa mikono yangu wiki moja kabla. Haukuwa wa gari lile. Ulizidi urefu kwa vidole vitatu, nikaukata kwa plasi, nikaupinda, nikajipongeza kwa kuokoa pesa. Nyuzi mbili tatu katika zile zinazousuka zilikuwa zimekatika, zikajikunja nyuma kama ndevu na kung'ang'ania mdomo wa ganda. Nyumbani nilimwambia mama watoto kwamba breki zimekataa. Naye akawaambia majirani. Breki zangu zilikuwa nzima kabisa, na huo uongo wangu ndio ulionileta mbele yenu leo.

Breki zimekataa. Maneno hayo mawili tumeyatwisha mzigo mkubwa mno. Lori likishuka bila kusimama, breki zimekataa. Matatu ikiingia kibandani kwa mama mboga, breki zimekataa. Tuktuk ikiruka mtaro, breki zimekataa. Habari ikifika gazetini husomeka kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari, jambo ambalo hata mbuzi aliyekuwa kando ya barabara alikwisha kuliona. Lakini gari lisilotaka kusimama na gari linalozidi kwenda ni wagonjwa wawili. Mmoja anaumwa magurudumuni, mwingine anaumwa injini, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Mimi nilimpa wa pili dawa ya wa kwanza, tena kwa kipimo kibaya.

Kuna jambo linaloufanya uongo huu uishi miaka mingi. Gari likishika mafuta, dereva hukanyaga breki mpaka zitoe moshi. Likishagonga, atakayekuja kulitazama atakuta diski zimegeuka rangi, pedi zimeungua, na harufu bado iko hewani. Huku mbele bati limebondeka, kabureta imepasuka, waya umevutwa na kukunjwa na ajali yenyewe. Nani ataweza kusema kama ulikuwa umekwama kabla ya kugonga? Breki zilizokufa zikipigana na injini zitaandikwa kuwa ndizo zilizoua. Ukiteremka kutoka Kona Baridi kwenda Olepolos na Magadi, ambako barabara inashuka Bonde la Ufa na breki huchemka hata kwa gari zima, mambo hayo mawili huchanganyika kiasi kwamba hata dereva akipona hajui amepona nini.

Tuutazame waya wenyewe. Ni kitu kinyenyekevu. Ernest Monnington Bowden alipata hataza yake Uingereza mwaka 1896: kamba ya chuma iliyosukwa, ikipita ndani ya ganda lililozungushwa chuma kama springi, ili mvuto upite kwenye kona bila kupotea. Ulipata umaarufu kwenye breki za baiskeli, ukahamia pikipiki, ukafika kwenye magari. Si kila gari la zamani lilikuwa nao. Ford Model T haikuwa na pedeli ya mafuta kabisa. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Mengine yalitumia fito na viungo badala ya waya, na fito nazo zina ugonjwa wake, hasa viungo vikilegea. Lakini magari mengi ya petroli tuliyokulia nayo, kuanzia pikapu za kabureta hadi Corolla 110 ambayo bado inabeba maziwa na nyanya katika kaunti hii, ni ya waya.

Ncha moja imeshikwa na pedeli. Ncha ya pili imeshikwa na mkono mdogo ulio kwenye kabureta, au kwenye koo la hewa ikiwa injini ni ya sindano. Ndani ya koo hilo kuna kipepeo, bati dogo la mviringo linalojigeuza kuachia hewa ipite. Ukikanyaga, waya unamvuta kipepeo afunguke. Hapa nawaomba msikilize, hasa nyinyi wa nyuma: waya unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Mguu wako haumfungi kipepeo hata siku moja. Anayemfunga ni springi. Kila unapotoa mguu unaiachia springi kazi hiyo, na hujawahi kuisalimia.

Wamarekani waliliona hilo zamani. Sheria yao namba 124 ya usalama wa magari, iliyoanza kutumika Septemba 1973, inataka mfumo wa eksileta uwe na angalau nguvu mbili za kurudisha, kila moja ikiweza kufanya kazi peke yake. Springi moja ikikatika, ya pili irudishe. Gari dogo linapewa sekunde 1 kurudi kwenye mwendo wa chini, ule ambao mafundi wetu wanauita silensi, na gari kubwa sekunde 2. Sasa nenda kafungue kabureta iliyopita mikononi mwa mafundi watano, uhesabu springi. Utakuta moja. Mara nyingine utakuta hiyo moja imetolewa kwenye baiskeli, au utakuta mpira wa tyubu umefungwa mahali pake. Mpira wa tyubu hufanya kazi asubuhi. Saa nane mchana, juu ya injini iliyochemka, ni mpira mwingine.

Kutokana na mpangilio huo kunatokea jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Waya ukikatika kabisa, kipepeo hufungwa na springi, injini inashuka, gari linakosa nguvu na kusimama kando. Utachelewa, utatukanwa na abiria, lakini utafika nyumbani. Sote tumeona dereva aliyekatikiwa na waya akifunga kamba kwenye kabureta na kuipitisha dirishani, makanga akavuta mafuta kwa mkono huku dereva akipiga kelele, "Ongeza! Punguza!" Tunacheka. Cha kuogopa ni waya uliokatika nusu. Huo bado una nguvu ya kuvuta, ila hautaki kurudi. Nyuzi zake zilizotangulia kufa zimesimama kama miba ndani ya ganda, zinaruhusu njia ya kwenda na kuizuia njia ya kurudi.

Hukatikia wapi? Karibu kila mara ni kwenye ncha, pale unapopinda: nyuma ya pedeli, ambako hakuna anayeinama kutazama, au pale unapozungushwa kwenye gurudumu dogo la kabureta. Na hausubiri siku moja ukatike kwa hasira. Husema. Pedeli inakuwa nzito asubuhi, ikipata joto inalainika. Silensi inapanda bila sababu, unampelekea fundi, anaishusha kwa bisibisi, na kesho imepanda tena. Ukitoa mguu polepole inabaki juu kidogo, ukiipiga teke kwa ncha ya kiatu inashuka. Naona mzee hapa mbele anacheka. Anaijua hiyo ya teke. Mzee wangu, teke hilo ndilo lugha ya waya, nawe umekuwa ukiujibu kwa lugha yake kwa miezi sita.

Mahali tunapoishi pana mkono katika haya. Mji huu wazee waliuita Noonkopir. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, ilipitishwa mwaka 1990, viwanda vikajengwa Athi River, watu wakaja kutafuta kazi na vyumba, na magari yakaja na watu. Saruji inasagwa pale jirani, na vumbi lake halijui mpaka wa kaunti. Kiangazi kikikaza, barabara za kuelekea Mashuuru huinua vumbi laini kama unga wa muhogo, linaloingia mahali ambapo hata maji hayaingii. Mvua zikija, udongo mweusi hubandika kiatu, kiatu hubandika pedeli, tope linakauka kwenye kiungo cha pedeli na kuwa tofali. Waya uliotengenezwa kuishi kwenye lami ya Nagoya una kazi ya ziada huku.

Kisha tunauongezea ubaya kwa wema wetu. Waya ukianza kuwa mzito, fundi anaumiminia grisi, au oili chafu iliyotoka injini. Siku mbili unateleza kama samaki. Baada ya hapo grisi inakamata vumbi na kuwa msasa. Nyaya nyingi za miaka ya karibuni zina bitana ya plastiki laini ndani ya ganda, zikakusudiwa kufanya kazi kavu. Ukizitia grisi unaziua. Ikiwa waya ni mzito na umeufuata njia yake yote, ukahakikisha haujapindwa wala haugusi ekzosi inayoyeyusha ganda, basi hauna haja ya dawa. Una haja ya kubadilishwa. Na uwe wake. Pale Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan, utaambiwa waya huu "unaingia" kwenye magari manne. Kuingia unaingia. Hata wangu uliingia.

Gari kuukuu lenyewe si kosa. Kanuni yetu ya KS 1515 inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini gari likishaingia na miaka 7 halifi likifikisha 8. Linauzwa Nairobi, linauzwa tena Kitengela, linauzwa tena Bissil, na kila linaposhuka bei linampata mtu mwenye pesa kidogo zaidi ya kulitunza na mzigo mkubwa zaidi wa kulipakia.

Nitoke kwenye waya kidogo, maana eksileta inaweza kuvutwa na kitu ambacho si waya. Mwezi wa Desemba 1971, General Motors ya Marekani iliita magari milioni 6.7 yarudishwe, hasa Chevrolet za 1965 hadi 1970. Tatizo lilikuwa mauntini za injini, zile raba zinazoishikilia injini kwenye fremu. Raba ikiachana na chuma, injini iliweza kunyanyuka upande mmoja dereva alipokanyaga mafuta. Ikinyanyuka inavuta viungo vya eksileta, mafuta yanaongezeka, inanyanyuka zaidi. Na katika kunyanyuka iliweza kuchomoa bomba la hewa linaloisaidia breki. Umeona shetani huyo? Anakuongezea mwendo na kukunyang'anya breki kwa mkono mmoja. Dawa waliyoitoa ilikuwa kipande cha kamba ya waya cha kuizuia injini isiruke. Nami nauliza hapa Kitengela: ni wangapi hapa wameambiwa na fundi kwamba mauntini imekwisha, wakajibu, "Hiyo itangoja mwisho wa mwezi, ni mtetemo tu"?

Halafu kuna mikeka. Pale stendi mnauziwa mikeka mizuri ya mpira, ya rangi zote, na hakuna mwenye gari anayetoa ule wa zamani kwanza. Tunaupanga mpya juu ya wa zamani, juu yake gazeti la kuzuia tope. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, California, afisa wa polisi wa barabara kuu aliyekuwa nje ya zamu alikuwa akiendesha Lexus ES 350 aliyoazimwa wakati gari lake liko gereji. Gari lilishika mafuta kwenye barabara kuu. Abiria alipiga simu ya dharura akisema breki hazifanyi kazi. Watu wanne walikufa, wa familia moja. Wachunguzi walielekeza kidole kwenye mkeka wa mpira uliotengenezewa modeli nyingine ya Lexus, ulioibana pedeli ya mafuta. Siku chache kabla, mteja mwingine aliyeazimwa gari lilelile alipatwa na jambo lilelile, akafaulu kulisimamisha, akasema aliporudisha ufunguo. Toyota, inayounda Lexus, ikayaita magari milioni 3.8 nchini Marekani kwa ajili ya mikeka. Yule alikuwa dereva wa polisi, mtu wa mwendo kasi kwa kazi yake, na gari halikuwa kuukuu. Sikumbuki mfano mwingine unaonikosesha usingizi kama huo, nami nimeona mengi.

Fundi mmoja aliniuliza juzi: basi magari ya eksileta ya umeme, yasiyo na waya, si ndiyo suluhisho? BMW waliuondoa waya kwenye 750iL mwaka 1987, na baada ya 2000 Wajapani wengi wakafuata. Kwenye gari hizo pedeli ni swichi inayopeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayomfungua kipepeo. Baada ya ule mkasa wa Toyota, wahandisi wa NASA waliletwa kuichunguza mifumo hiyo, na ripoti iliyotolewa Februari 2011 haikupata hitilafu ya elektroniki ya kueleza magari kukimbia yenyewe. Mabishano hayakuishia hapo; mwaka 2013 baraza la mahakama la Oklahoma liliamua dhidi ya Toyota katika kesi moja ya aina hiyo. Mimi nasema hivi tu: mkeka hauulizi kama pedeli yako ina waya au kompyuta.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Mara nyingine gari halikushika mafuta. Mguu ndio uliokosea. Novemba 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kilionyesha watu waliodai Audi 5000 zao ziliruka zenyewe, huku miguu yao ikiwa kwenye breki. Amerika ilishtuka, mauzo ya Audi kule yakaporomoka kutoka magari kama 74,000 mwaka 1985 hadi karibu 12,000 mwaka 1991. Uchunguzi wa serikali uliotolewa 1989 ulisema visa vingi ni vya dereva kukanyaga mafuta akidhani ni breki. Lakini ripoti ileile ilitaja kitu ambacho watu husahau: baadhi ya magari yalikuwa na hitilafu iliyoweza kuipandisha silensi ghafla, dereva akashtuka, mguu ukatafuta breki kwa pupa, ukaipata pedeli isiyo yake. Hitilafu ndogo ikazaa kosa kubwa. Tangu hapo gari la otomatiki likafungwa lisitoke P mpaka ukanyage breki.

Japani, yanakotoka magari yetu, wanalijua kosa hilo vizuri. Aprili 2019 mzee wa miaka 87 aliwagonga watu mtaani Ikebukuro, Tokyo, akamuua mama na bintiye wa miaka 3. Alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Mahakama ilikataa, na Septemba 2021 ikamhukumu kifungo cha miaka 5. Huku kwetu mtu anafundishwa kwa gari la gia ya mkono, anafaulu mtihani, kisha ananunua otomatiki na kuiendesha kwa miguu miwili, wa kushoto ukingoja klachi isiyokuwepo. Huyo akigonga ukuta wa duka akiegesha, msimwambie waya. Kagueni waya, ndiyo, lakini mtazameni na viatu.

Vijana wa boda, sijawasahau. Katika mji huu waya wa mafuta uko hai zaidi kwenye pikipiki na tuktuk kuliko kwenye gari lolote. Washa pikipiki, isimamishe, kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Injini ikipandisha sauti bila wewe kugusa, waya wako ni mfupi au umepitishwa vibaya, na siku utakapokata kona kali pale kwenye mzunguko utaongezewa mafuta usiyoyaomba. Zile nguo za kukinga baridi mnazozifunga kwenye mikono ya usukani wakati wa Julai, angalieni zisiukamate mkono wa mafuta. Na ile swichi nyekundu ya kuzima injini, ambayo kwa wengi wenu haifanyi kazi tangu mnunue pikipiki mtumba, itengenezeni. Mkono wa kushoto ubane klachi, kidole gumba cha kulia kizime.

Madereva wa maboza ya maji, neno moja kwenu. Pampu yenu inachukua nguvu kwenye gia, injini inatakiwa ingurume mkiwa mmesimama, nanyi mmezoea kukiweka kijiti kati ya kiti na pedeli. Nilimwona mmoja aliyemaliza kujaza tangi la mteja, akakunja mpira, akapanda, akaingiza gia. Kijiti kilikuwa bado kazini. Geti la mteja halikuwepo tena.

Hebu sasa tuseme la kufanya likikukuta barabarani, na nitalisema polepole kwa sababu hamtakuwa na muda wa kulikumbuka. Kwa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unapita mita 22. Ukishangaa sekunde tatu, umeshapita mita 66.

Kata injini kutoka kwenye magurudumu. Gari la mkono, kanyaga klachi mpaka chini na uiache hapo. Otomatiki, sukuma iende N, tunayoiita fri. Injini italia vibaya sana, na ya kabureta haina cha kuizuia, inaweza hata kupasuka. Acha ipasuke. Injini inauzwa Grogan.

Wakati huohuo kanyaga breki mara moja, kwa nguvu zote, na usiachie. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Kile kikombe kikubwa kinachoisaidia breki kinategemea mvuto wa hewa wa injini. Kipepeo akiwa wazi kabisa mvuto huo haupo. Kinabaki na akiba ya kukanyaga mara moja, labda mbili au tatu. Mimi niliimaliza akiba yangu kwa kupampu, ndiyo maana pedeli ilikuwa jiwe. Breki nzima, iliyokanyagwa mara moja, ina nguvu kuliko injini ya gari dogo. Jarida la Car and Driver lililijaribu hilo mwaka 2009 kwa Toyota Camry ya V6 iliyokuwa ikienda kama kilomita 112 kwa saa, mafuta yamefunguliwa yote. Ilihitaji takriban mita 5 tu zaidi kusimama kuliko kawaida.

Swichi iwe ya mwisho, na urudishe ufunguo hatua moja tu. Usiuchomoe, maana usukani utajifunga. Ukizima, usukani utakuwa mzito na msaada wa breki utabaki ule ulio kwenye akiba. Gari la kitufe, kibonyeze na ukishikilie sekunde tatu au zaidi. Kukigusagusa hakuzimi kitu mwendoni.

Wenye dizeli za zamani, msiutegemee ufunguo sana. Kuna pampu ambazo kizibo chake cha kuzima kilikufa miaka mingi, fundi akakitoa, na gari huzimwa kwa kuliua na gia. Tena dizeli yenye turbo mbovu inaweza kunywa oili yake yenyewe na kukimbia hata ukiifunga dizeli yote. Ikiwa imesimama, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au zulia lililokunjwa, kamwe si kwa kiganja. Ikiwa ya mkono, gia ya juu, breki, achia klachi, ife.

Na jambo la kutofanya: usiiname kuivuta pedeli kwa mkono ukiwa mwendoni. Jaribu kuinyanyua kwa kidole cha mguu ukitaka, mara moja. Macho yabaki barabarani.

Nimesema vya kutosha kwa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki. Nje nimeegesha gari la waya na boneti iko wazi. Naomba mtu mmoja, awe mwenye gari na si fundi, akae ndani, injini ikiwa imezimwa, akanyage mafuta mpaka chini, kisha aachie ghafla. Sisi wengine tutasimama mbele tukiwa kimya. Kipepeo akirudi vizuri utasikia mlio mmoja mkavu, tak, chuma kikigonga chuma. Kisha atakanyaga tena na kuachia polepole sana, na tutasikiliza kama mlio huo unakuja au hauji. Mafundi, zimeni simu. Mama pale mwenye buibui la kijani, wewe ulikuwa wa kwanza kuinua mkono; ufunguo huu hapa.